Pini Mdomoni

Tangu Ijumaa mikono yangu haijatulia. Nimeshona kola nyuma mbele mara mbili, nimekata mguu mmoja wa suruali mfupi kuliko mwenzake, na mteja aliyekuja kulalamika nimemkumbatia badala ya kumwomba radhi. Mtu akiniuliza nina nini, naanza kusimulia kutoka katikati, halafu narudi mwanzo, halafu nalia. Leo nitajaribu kwenda kwa mstari, kama mshono.

Mimi ni fundi cherehani. Sikusoma. Kaka zangu wawili walipelekwa shule, mimi nikapelekwa kwa shangazi "ukamsaidie kazi kidogo", na hicho kidogo kikawa miaka kumi na mmoja. Mmoja wa kaka hao siku hizi anavaa tai na kuniambia kwa simu kwamba elimu ni ufunguo. Najua ni ufunguo. Mlifunga mlango, ufunguo mkautia mfukoni mwenu. Herufi nimezijua ukubwani, kwa kudarizi majina ya shule kwenye mifuko ya mashati, moja moja, kwa uzi wa njano.

Kwa shangazi nilianza kwa kukaa chini ya meza nikiokota pini zinazodondoka. Nilipofika umri wa kukalia kiti akanifundisha kanuni yake kubwa: pini zikae mdomoni. Nne kushoto, nne kulia, midomo imezibana. "Mkono wa fundi hauna muda wa kutafuta pini," alikuwa akisema, "na pini zikiwa mdomoni, umbea hautoki. Mteja hapendi fundi mwenye maneno." Basi mimi naongea kwa macho na vidole. Nikitaka mkasi, nafungua na kufunga vidole viwili. Nikitaka mteja ageuke, nazungusha kidole hewani. Nikikataa bei, nakunja pua. Wameshanizoea. Wengine huniita Bubu wa Pindo, na mimi huwajibu kwa kunyanyua nyusi.

Binti yangu nilimpata nikiwa na miaka arobaini na miwili, wakati watu walishaacha kuniuliza. Alizaliwa na hali ya Down. Muuguzi alitukalisha wote wawili, mimi na mume wangu, akatueleza taratibu: macho yake yamepanda kidogo pembeni, misuli yake ni laini, moyo wake uko salama, atajifunza mambo mengi ila kwa mwendo wake mwenyewe. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa adabu, na mtoto alipotimiza miezi minane akahamia kwa mwanamke mwingine.

Hakuondoka mikono mitupu. Nilikuwa na cherehani mbili. Moja ya umeme, mpya, niliyoipata kwa kushona mapazia ya ukumbi mzima. Nyingine ya pedali, ya chuma na mbao, niliyorithi kwa shangazi, nzito kama dhambi. Alibeba ya umeme siku nilipokuwa kliniki na mtoto. Niliporudi nilikuta mstatili safi mezani, pasipo na vumbi. Nasikia huyo mwanamke anajifunzia kushona. Sindano na imchome.

Dada yake, wifi yangu, yeye hakuhama. Anakaa chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi, na kazi yake ni kunitembelea na kunipa pole ambazo sikuziomba. Masikio yake husikia unyoya ukianguka.

Binti yangu tunamwita Mkaguzi. Jina hilo alilipata kwa tabia yake. Tangu aanze kutambaa, kila kitu kinachotetemeka lazima akikague. Anakisogelea, anakilalia kwa shavu, anafumba macho, mikono nyuma kama afisa aliyetumwa na serikali. Friji ya dukani, amekagua. Pampu ya maji ya jirani, amekagua. Redio haiangalii wala hachezi mbele yake; analaza kichwa juu ya kisanduku chake. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni cherehani yangu. Mimi nakanyaga pedali, yeye yuko upande wa pili, shavu kwenye mbao, kutwa nzima. Nikisimama, ananyanyua kichwa na kunikazia macho. Wateja walicheka: "Endelea, mama, Mkaguzi hajapitisha!"

Maneno alikuwa nayo machache, na hayo machache yamekatwa ncha. Kila mtu alisema ni hali yake. Hata mimi. Kliniki muuguzi alikuwa akiniuliza, "Mtoto anasikia vizuri?" na mimi nilijibu kwa hasira kidogo, "Anasikia!" Kwa nini nisijibu hivyo? Nikitaka mkasi, analeta mkasi. Nikitaka chaki, analeta chaki. Mlango ukibamizwa, anashtuka. Mara mbili muuguzi aliniandikia karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa akapimwe masikio. Alisema watoto wenye hali hii hupimwa hata kama wanaonekana wazima wa masikio. Mimi nikaona wanatafuta kasoro nyingine ya kumbandika mwanangu, kana kwamba alizobandikwa hazitoshi. Karatasi zote mbili nilizitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

Sasa nifike wiki yenyewe.

Jumatatu mwalimu mkuu wa chekechea aliniita. Chekechea iko mtaa wa pili, na sare zote za pale, kuanzia kola mpaka pindo, zimepita chini ya sindano yangu. Nilikwenda nikidhani kuna shati limefumuka.

"Kaa, mama," akasema. Ni mwanamke wa makamo kama mimi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mwalimu wa darasa alikuwa amesimama pembeni akitazama viatu vyake.

"Nimekaa. Kimefumuka nini?"

"Hakuna kilichofumuka. Ni habari ya binti yako." Akavua miwani. "Tumejaribu miezi mitatu. Mwalimu akisema kaeni, yeye ndiyo kwanza anasimama. Akisema simameni, yeye anakaa. Akiitwa jina, haitiki. Anaweka shavu ukutani, basi, yuko kwenye dunia yake."

"Nyumbani anafuata kila kitu."

"Kila mama anasema hivyo."

"Mimi si kila mama."

"Ijumaa tunapanga orodha ya muhula ujao," akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, hilo ndilo lililoniuma. "Aonyeshe jambo moja tu kwamba anafuata. Hata kuitika jina lake. Ikishindikana, nafasi tunampa mwingine. Watoto tisa wanasubiri."

"Na hao tisa watavaa nini?"

"Usilete cherehani kwenye mambo ya shule, mama."

"Cherehani ndiyo iliyowavisha," nikasema, nikatoka kabla sijasema la zaidi.

Nyumbani nilimkuta wifi ameshajua. Sijui habari huwa inapita njia gani mpaka inanitangulia.

"Si nilikwambia?" akasema. "Mtoto wa hivi hukaa na mama yake. Unamtesa bure na madarasa. Mfundishe kufagia."

"Wifi, ana miaka minne."

"Ndiyo. Fagio fupi."

Jioni nilimkalisha Mkaguzi mbele yangu, uso kwa uso, nikaita jina lake. Akaniitikia, "Ee!" Nikaita tena. "Ee!" Nikaita mara ishirini, akaitika mara ishirini, huku akinishika midomo na kucheka. Nikasema moyoni, basi huko shuleni ni kiburi tu. Kiburi cha baba yake. Nikamfinya mkono. Nasema hapa kwamba nilimfinya, kwa sababu ni kweli.

Jumatano cherehani ikaanza kugonga. Nikamwita Spana.

Spana ni fundi wa kutengeneza cherehani, kijana wa miaka thelathini na kitu, anazunguka na baiskeli na mkoba wa vyuma, na mdomo wake haujapata kufungwa tangu azaliwe.

"Dada, hii mashine ina umri wa bibi yangu," akasema akiinama, "na inakohoa kama yeye."

Nilikuwa na pini nane mdomoni. Nikamwonyesha kwa kidole: shughulika.

"Ahaa, leo Bubu ana hasira. Haya, kanyaga nisikie."

Ana namna yake ya kutafuta panapogonga. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye kichwa cha cherehani, mpini anaukandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio lake, anafumba macho. Anasema kelele za mtaa zinapita hewani, lakini siri ya mashine inapita kwenye chuma. Nikakanyaga. Mkaguzi, aliyekuwa akichezea vifungo, akaja mbio, akalaza shavu kwenye mbao, akafumba macho. Wakawa wawili, uso kwa uso, mtu mzima na mtoto, sura moja, kama mapacha wanaoomba dua.

Spana akafumbua jicho moja.

"Heh! Huyu kafundishwa na nani?"

Nikatema pini kiganjani. "Hakufundishwa. Ndivyo alivyo tangu atambae."

"Dada." Mara ya kwanza nikamwona hacheki. "Mtu hasikilizi kwa mfupa bila sababu. Mimi nina sababu. Yeye je?"

"Anapenda tu."

"Mwite."

Nikanyanyua mkono ili nimpungie.

"Mkono chini! Mwite kwa mdomo, akiwa amekupa mgongo. Ngoja." Akamnyanyua Mkaguzi, akamkalisha juu ya marobota ya vitambaa, uso ukutani, akampa nati kumi za kupanga. "Hapo sakafu haimpelekei habari. Haya, mwite."

Nikamwita kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuombea chumvi. Mkaguzi akapanga nati. Nikaita mara ya pili. Ya tatu nikapaza. Wifi akachungulia mlangoni.

"Kuna nini? Nani anaitwa?"

Wifi amesikia kupitia ukuta. Binti yangu, hatua tatu kutoka mdomoni kwangu, alikuwa ameweka nati ya nne juu ya ya tatu.

Spana alifuta bisibisi yake kwa shati, mara mbili, akaja nyuma ya Mkaguzi, akaweka mpini taratibu kwenye mfupa nyuma ya sikio lake, halafu akaninyooshea upande wa chuma.

"Ng'ata," akasema. "Halafu mwite."

Nikang'ata chuma pale pale ambapo pini zangu hukaa. Jina la binti yangu likatoka kupitia meno, limebanwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Nati ya tano ikadondoka.

Mkaguzi akapeleka mkono nyuma, akaukamata mpini, akaukandamiza kwenye kichwa chake kwa nguvu zote, akasema, "Ee!"

Wallahi! Alikuwa ameupa uso ukuta! Niliita tena, "Ee!" Niliita nikilia, meno yakigonga chuma, na yeye akicheka na kuitika, na Spana akirukaruka kwa mguu mmoja, na wifi mlangoni akiuliza tunamfanya nini mtoto wa kaka yake, tumeingiwa na wazimu?

Hapo ndipo nilipozikumbuka pini. Miaka minne nilikuwa nazungumza na mtoto kwa vidole. Vidole viwili, analeta mkasi. Kidole hewani, anageuka. Nyusi juu, anacheka. Mwalimu wake anaongea akiandika ubaoni, amewapa mgongo, hana vidole wala nyusi. Kwa hiyo Mkaguzi anamtazama jirani, na jirani akisimama ndipo naye anasimama, wakati wenzake wanakaa. Mimi nilimzoesha kuishi bila masikio, halafu nikamwapia kila mtu kwamba anayo. Nimezoea kuhesabu walionidhulumu. Vidole vya mikono yote miwili havinitoshi. Siku hiyo niliongeza mtu mmoja kwenye hesabu ya binti yangu, na mtu huyo alikuwa ameng'ata bisibisi.

Nilimwaga kopo la vifungo sakafuni. Karatasi zote mbili zilikuwa chini kabisa.

Alhamisi tulikuwa hospitali kubwa kabla hawajafungua mlango wa mapokezi. Anayepima masikio ni msichana mfupi, amevaa viatu vya mpira visivyotoa sauti, na chumba chake kimefunikwa sponji kila upande mpaka dari. Ukikohoa ndani yake, kikohozi kinamezwa. Alimpa Mkaguzi mkono kwanza, akamwacha akague meza.

"Nitatoa sauti kwenye spika ile," akaniambia. "Akisikia atageuka. Ila tutasubiri, mama. Watoto wengi wenye hali hii jibu lao huchelewa kidogo. Ukiwa na haraka utaandika hasikii, kumbe alikuwa njiani anakuja. Wewe hesabu kimoyomoyo mpaka kumi."

Nimehesabu! Sijapata kuhesabu vile maishani mwangu. Sauti ndogo, nahesabu, kumi, hakuna. Sauti ya kati, kumi, hakuna. Sauti kubwa iliyonitikisa mimi, nimefika sita, Mkaguzi akageuka. Msichana akaandika.

Kisha akachungulia ndani ya masikio kwa taa ndogo. Akasema matundu ni membamba sana, nta imejaa, akaitoa kwa kijiti chenye kitanzi huku mimi nikimshika Mkaguzi magotini na kumwimbia shavuni. Kisha akaingiza kampira kadogo kanakopuliza hewa kidogo, na mashine ikachora mstari.

"Ngoma ya sikio ikiwa nzima na inatikisika, huu mstari hupanda kama kilima," akasema. "Angalia wake."

Ulikuwa umelala kama meza ya kukatia vitambaa.

"Nyuma ya ngoma kuna maji mazito, kama gundi. Masikio yote mawili. Sauti inafika mlangoni inakwama."

"Kwa hiyo ni kiziwi."

"Bado hatujauliza ndani. Tutaingilia mlango mwingine." Akatoa utepe wa kichwani, na kwenye utepe kuna kidude kidogo cha mraba. Akakiweka kidude kile kwenye mfupa nyuma ya sikio la Mkaguzi.

Nikasimama. "Hiyo ni bisibisi ya Spana!"

"Samahani, mama?"

Nikamweleza, haraka haraka, mikono ikiruka, bisibisi, meno, nati, yote. Alicheka mpaka akakaa. Akafungua mlango akamwita mwenzake: "Njoo usikie! Kuna fundi cherehani ameshapima huko nyumbani!" Kisha akatoa sauti ndogo, ile ya kwanza kabisa. Nikahesabu. Tatu, nne, tano. Mkaguzi akageuka. Sauti ndogo zaidi. Akageuka!

"Ndani hakuna tatizo," akasema msichana. "Sikio la ndani linafanya kazi vizuri."

Nilimuuliza kama kosa ni langu. Akasema maji hayo sikuyaleta mimi, watoto wengi wenye hali hii huyapata, yanaweza kukauka na yanaweza kurudi, ndiyo maana hupimwa tena na tena. Daktari atayaangalia, aone kama ataweka vijibomba vidogo vya kuyatoa, ingawa kwa matundu yale membamba haitakuwa rahisi. Nikamsukumia zile karatasi mbili. Akasoma tarehe.

"Mngekuja mapema ingekuwa bora," akasema. "Lakini mmekuja."

Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Akatuazima mwezi mzima wa kujaribia utepe mwingine wa aina ile, ambao kidude chake hudaka sauti za hewani na kuzipitisha kwenye mfupa. Tulipotoka kwenye kile chumba cha sponji, Mkaguzi alisimama ukumbini. Alitazama miguu yake. Akapiga hatua moja, akasimama. Ya pili, akasimama. Alikuwa anasikia viatu vyake! Tulitumia nusu saa kutoka ukumbini, kwa sababu kila hatua ilikuwa habari mpya, na mlinzi aliyetaka kutuharakisha nilimnyanyulia nyusi akarudi kitini.

Jioni ile sikushona. Nilikaa nyuma ya binti yangu, mdomo mtupu, nikamwita. Nikahesabu. Akageuka, "Ee!" Nikamfundisha aseme "Nipo", kama wanavyoitika darasani. Ilitoka "Ipo". Nikasema inatosha, herufi moja nitamdai baadaye.

Ijumaa asubuhi nilimvalisha sare niliyoipiga pasi mara tatu, nikamfunga utepe, nikamshika mkono. Mwalimu mkuu alisoma karatasi ya hospitali akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

"Mbona hukutuambia?"

"Mbona hamkuuliza? Mbona mimi sikuuliza? Twende darasani."

Nilimweleza mwalimu wa darasa jambo moja tu: "Ukimwita, subiri. Hesabu mpaka kumi." Akatikisa kichwa kukubali. Lakini mazoea yana mizizi. Watoto thelathini na wanane walikaa, akageukia ubao kuandika tarehe, akaanza kuita majina huku amewapa mgongo, haraka, kama anayepura mahindi. "Nipo!" "Nipo!" "Nipo!" Mimi na mwalimu mkuu tulikuwa mlangoni.

Akaita jina la binti yangu.

Moja. Mbili. Mkaguzi anatazama dirisha. Tatu. Jirani yake anamsukuma kwa kiwiko, nikataka kumrukia. Nne. Mwalimu, chaki mkononi, akasahau ahadi yake, akaita jina linalofuata, na mtoto mwingine akasema "Nipo!" Mwalimu mkuu akashusha pumzi puani, pumzi ya mtu anayefunga faili. Tano, sita. Kilio kilikuwa kimeshanifika kooni, kikali, chenye miaka minne, na kaka zangu ndani yake, na cherehani ya umeme ndani yake.

Saba.

"Ipo!"

Alisimama wima, mkono juu, utepe umemkaa upande kama kofia ya mlevi. "Ipo!" akarudia, kwa sababu hakuna aliyesema kitu na labda alidhani sisi ndio hatusikii.

Darasa likacheka. Mwalimu akageuka, chaki imemvunjikia kidoleni. "Amechelewa kidogo," akasema.

"Hakuchelewa!" Sauti yangu ilitikisa madirisha, hiyo nina hakika waliisikia mpaka mtaa wa tatu. "Wewe ndiye uliyemwacha njiani!"

Mwalimu mkuu aliweka mkono begani kwangu. Nilidhani ananitoa nje. Akavaa miwani yake, akamwambia mwalimu, "Mrudie." Mwalimu akawageukia watoto, uso kwa uso, akaita tena, akangoja kweli kweli, midomo yake ikihesabu. Akafika tano.

"Ipo!"

"Akae safu ya mbele," mwalimu mkuu akasema. "Na wewe, mwalimu, ubao usubiri, ongea ukiwa umewatazama." Akatoa ile orodha ya muhula ujao mfukoni, akaandika jina la binti yangu kwa mkono wake mbele ya macho yangu. Herufi nilizijua zote. Nilizisoma moja moja, kama zinadariziwa.

Nimeshajishonea kimto cha pini, nakifunga kwenye kifundo cha mkono. Wateja wanalalamika kwamba siku hizi naongea kupita kiasi. Watazoea. Spana naye anatangaza mtaani kwamba yeye ni daktari wa masikio. Cherehani hajaimaliza, bado inagonga. Na kuna watu wananiambia nimshukuru mume wangu, eti angeniachia ya umeme na kuchukua ya pedali, Mkaguzi asingepata mbao ya kulalia shavu na Spana asingeona kitu. Nimelifikiri hilo kwa makini. Simshukuru.

Juzi Jumapili wifi alikuja na kiti chake, akakaa, akaanza. Kwamba kidude kile kitamharibia mtoto ubongo. Kwamba kaka yake anasema sasa angependa kumwona binti yake, maana yeye daima aliamini mtoto ana akili. Kwamba mimi nina moyo mgumu. Kwamba utepe haupendezi. Mkaguzi alikuwa sakafuni akipanga vifungo. Alimsikiliza shangazi yake kwa heshima, kichwa amekiinamisha, kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza mimi. Kisha akanyanyua mikono miwili, akavua utepe kwa uangalifu, akaniwekea mapajani, akarudi kwenye vifungo vyake.

Wifi akaachama. "Ameona nini huyu? Mimi namsemesha ananivulia masikio? We mtoto! Nakuita!"

"Taratibu, wifi," nikamwambia, nikikunja utepe vizuri. "Usimharakishe. Wewe hesabu mpaka kumi, huenda akakujibu."

Na akahesabu, masikini, kwa sauti, kidole juu. Alifika saba, akabeba kiti chake, akaondoka.